Utingo akishika usukani, nani hulipa ajali ikitokea ng'ambo ya mpaka?

NAMANGA — Foleni ya malori mpakani husogea kwa urefu wa gari moja moja. Dereva ameshuka na makaratasi, yuko dirishani anasubiri mhuri. Mbele pamefunguka nafasi, nyuma honi zinalia. Utingo anapanda, anawasha injini, anaingiza gia ya kwanza na kusogeza gari mita kumi. Anazima, anasubiri, anasogeza tena.

Hivyo ndivyo vijana wengi wanavyojifunza udereva kwenye njia za biashara za Afrika Mashariki, iwe Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Sirari au Tunduma. Wiki ya kwanza anasogeza foleni. Mwezi wa tatu dereva akichoka usiku humwachia kipande cha barabara kilichonyooka. Akikata leseni ya kujifunzia, wote huona mambo yamekaa sawa, na safari nyingi huisha salama.

Safari isipoisha salama, mwenye gari na mwenye mzigo hugundua kwamba swali la nani alikuwa kwenye usukani lina uzito kuliko swali la nani alikuwa upande gani wa barabara. Na likiulizwa nje ya nchi ilikokatwa bima, uzito wake huongezeka.

Chukua mfano huu wa kubuni, wenye mambo ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anayafahamu. Mama mmoja wa Arusha ana Canter. Ananunua vitunguu Mang'ola, anavipeleka Nairobi. Ameajiri dereva mwenye leseni kamili, na utingo ni mtoto wa dada yake, kijana mwenye leseni ya kujifunzia aliyopata Tanzania. Nyuma, juu ya magunia, amekaa mfanyabiashara mwenzake aliyelipia nafasi ya magunia yake kumi. Alfajiri, wakiwa wamepita Kajiado, dereva anasinzia, anampa kijana usukani na kukaa pembeni yake. Kabla ya Isinya gari linaigonga bodaboda. Abiria wa pikipiki anafariki, mwendeshaji anavunjika mguu. Canter inaingia mtaroni, utingo anaumia kifua, aliyekuwa juu ya magunia anavunjika mkono, na vitunguu vinamwagika.

Nani anamlipa nani?

Mwanafunzi hapimwi kwa kipimo chake

Utetezi wa kwanza unaokuja mdomoni ni huu: kijana alikuwa bado anajifunza, asihukumiwe kama dereva mzoefu. Mahakama hazikubali hoja hiyo.

Kesi inayofundishwa katika vyuo vya sheria ni ya Uingereza ya mwaka 1971, Nettleship dhidi ya Weston. Mwanamke aliyekuwa akijifunza udereva, katika somo lake la tatu, alishindwa kunyoosha usukani baada ya kukata kona. Gari likagonga nguzo ya taa na mwalimu wake akavunjika goti. Mahakama ya Rufaa, Lord Denning akiwa miongoni mwa majaji, iliamua kwamba anayejifunza anapimwa kwa kiwango kile kile cha dereva aliyehitimu. Aliyegongwa hana njia ya kujua kama anayekuja mbele yake ana mwaka mmoja au miaka ishirini barabarani, na maumivu yake ni yale yale.

Kuna mambo mawili katika kesi hiyo ambayo wenye magari wangepaswa kuyakumbuka. La kwanza, mwalimu alipunguziwa fidia kwa nusu, kwa sababu na yeye alikuwa na sehemu katika kuliongoza gari. Anayekaa pembeni ya mwanafunzi si abiria wa kawaida. La pili, mwalimu huyo alipoombwa kufundisha, kabla ya kukubali aliuliza kwanza kama bima ya gari lile ingemlinda yeye akiwa abiria. Alionyeshwa kwamba itamlinda, ndipo akapanda.

Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, Uganda wala Tanzania. Lakini nchi zote tatu zilirithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, na katika shauri la uzembe barabarani kipimo ni kile kile cha dereva makini.

Mwenye gari hawezi kusema "sikuwepo"

Kwa mama wa vitunguu, aliyekuwa amelala nyumbani Arusha, tatizo la pili ni la kumiliki gari. Zamani nchi hizi tatu zilipokuwa zikitumia mahakama moja ya juu, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, majaji waliweka msimamo katika shauri la Karisa dhidi ya Solanki la miaka ya 1960: gari likisababisha madhara kwa uzembe, mahakama itachukulia kwamba aliyekuwa akiliendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo humwelemea mwenye gari.

Je, akisema, "Mimi niliajiri dereva, sikumruhusu mtoto aendeshe"? Hapa mabasi ya London ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita yana jibu linalofanana kabisa na habari ya dereva na utingo.

Mwaka 1900, kondakta wa basi aliligeuza gari mwenyewe mwisho wa safari, dereva akiwa hayupo. Akamjeruhi mtu. Mahakama ikasema kampuni haiwajibiki, kwa kuwa kazi ya kondakta haikuwa kuendesha. Mwaka 1915 ikaja kesi nyingine: safari hii dereva alikuwepo, amekaa pembeni, akimwachia kondakta aendeshe. Rufaa ikaamua kwamba kampuni inaweza kuwajibika, kwa sababu dereva aliyeajiriwa kuliongoza gari ndiye aliyezembea kwa kumwachia asiyestahili.

Tofauti ya kesi hizo mbili ni kiti cha pembeni. Katika mfano wa Kajiado, dereva alikuwa amekaa hapo. Uzembe wa kijana unaweza kuhesabiwa kuwa uzembe wa dereva, na uzembe wa dereva ukiwa kazini ni deni la mwajiri.

Bima ndogo inamlinda nani

Katika mazungumzo ya mpakani, mtu akisema "gari lina bima" mara nyingi anamaanisha bima ndogo, ile ya watu wa tatu ambayo sheria inalazimisha. Jina lake linaeleza kazi yake. Wa kwanza ni aliyekata bima, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni mtu wa nje aliyeumizwa.

Nchini Kenya, sheria inayosimamia jambo hilo ni Sura ya 405. Tanzania Bara ina Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, iliyojengwa juu ya msingi wa Kiingereza ule ule. Kinacholazimishwa na sheria ya Kenya ni kufidia kifo au majeraha ya mwili. Mali haimo. Pikipiki iliyosagika, ukuta uliobomolewa, na gari la jirani lililokwaruzwa si lazima viwe ndani ya bima hiyo, isipokuwa mkataba wenyewe umeviongeza.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu makundi mawili kuachwa nje. La kwanza ni mwajiriwa wa mwenye gari anayeumia akiwa kazini. La pili ni abiria aliyebebwa na gari ambalo si la kubeba abiria kwa malipo wala halimbebi kwa ajili ya ajira.

Sasa turudi kwa waliokuwepo Kajiado.

Familia ya abiria aliyefariki, na mwendeshaji wa bodaboda, ndio watu wa tatu hasa. Kwao sheria imeweka ulinzi mkubwa kuliko kwa mwingine yeyote. Wakishapata hukumu dhidi ya mwenye gari, kampuni ya bima inatakiwa kuilipa hata kama ilikuwa na haki ya kuuvunja mkataba kati yake na mteja. Ikitaka kukwepa, lazima iende mahakamani yenyewe, ndani ya muda uliowekwa, ikaombe tamko kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo zito au kwa kusema uongo, mathalani gari la kubeba mizigo ya kukodi kuandikwa kwenye fomu kuwa la matumizi ya nyumbani.

Lakini ulinzi huo una dari. Kenya imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikitoa hukumu ya milioni 4 na nusu, milioni moja na nusu inayobaki inatafutwa kwa mwenye gari: akaunti yake, gari lake, chochote kinachokamatika.

Dereva ni mwajiriwa. Utingo naye ni mwajiriwa, hata kama ni mtoto wa dada na hulipwa posho tu. Wote wawili hawana cha kutegemea katika bima ndogo. Fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini hufuata sheria nyingine, na mwajiri asiye na mkataba wa ajira wala michango ya lazima huanza safari hiyo akiwa na kasoro.

Mfanyabiashara aliyekuwa juu ya magunia ndiye aliye pabaya zaidi, naye hajui. Alilipia nafasi ya mzigo, hakulipia kiti. Canter haikusajiliwa kubeba abiria. Anaweza kumshtaki mwenye gari kwa uzembe na akashinda, lakini kampuni ya bima ina msingi wa kusema huyu si mmoja wa tuliolazimika kumlinda. Atabaki na hukumu mkononi dhidi ya mama ambaye huenda mali yake kubwa ni Canter ile ile iliyoko mtaroni.

Na vitunguu? Bima ya gari haifuniki mzigo, iwe ndogo au kubwa. Mzigo una bima yake, bima ya mizigo inayosafirishwa, na aliyepaswa kuikata ni mwenye mzigo.

Kipengele cha dereva

Kama mama huyo angekuwa na bima kubwa, ile inayolipia pia gari lake mwenyewe, kampuni ingefungua ukurasa wa masharti na kusoma kipengele cha nani anaruhusiwa kuendesha. Maneno ya kawaida ni kwamba anaruhusiwa mtu yeyote aliyepewa idhini na mwenye bima, mradi awe na ruhusa ya kisheria kuendesha gari la aina hiyo.

Neno "mradi" ndilo linalobeba kila kitu. Leseni ya kujifunzia ni ruhusa, lakini ni ruhusa yenye masharti: alama ya L mbele na nyuma, na mtu mwenye leseni kamili akimsimamia. Alama ikikosekana, au msimamizi akiwa amelala usingizi, masharti yamevunjwa. Baadhi ya mikataba humwondoa kabisa anayejifunza. Mingine humkubali, lakini huongeza sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa.

Daraja la leseni nalo ni mtego. Kijana mwenye leseni kamili ya gari dogo, akikaa kwenye lori, kwa sheria bado ni mtu asiye na leseni ya lori. Kuendesha Probox miaka mitano hakubadilishi hilo.

Kampuni ikishamlipa mtu wa tatu kwa kulazimishwa na sheria, huku mteja wake ndiye aliyevunja masharti, inaweza kumgeukia mteja huyo na kumdai kilicholipwa. Hapo ndipo wengi hushangaa: bima imelipa, na bado mwenye gari anadaiwa.

Zaidi ya madai kuna jinai. Sheria ya Trafiki ya Kenya haimgusi aliyeendesha bila leseni peke yake. Inamgusa pia mwenye gari, au mwenye dhamana ya gari, aliyesababisha au kuruhusu jambo hilo.

Kadi ya Njano inavuka, masharti hayabaki nyuma

Gari la Arusha likiingia Kenya, bima yake ya nyumbani peke yake haitoshi. Kinachovuka ni Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanzishwa kwa itifaki ya mwaka 1986 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Tanzania ilijiondoa COMESA lakini ilibaki ndani ya mpango huo, kwa hiyo kadi inatumika kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura, Lubumbashi na Lusaka.

Kazi ya kadi ni kumhakikishia aliyegongwa ulinzi usiopungua ule unaotakiwa na sheria ya nchi ajali ilipotokea. Zaidi ya hapo, kadi hugharamia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wa gari lenye kadi. Kwa utingo aliyeumia kifua, huo unaweza kuwa msaada pekee wa haraka.

Utaratibu wake ni huu. Ajali ikitokea Kenya, dai hupokelewa na ofisi ya taifa ya mpango nchini humo, ambayo ni shirika la Kenya Re. Dai hulipwa kwa fedha ya Kenya na kwa sheria ya Kenya, kisha hesabu hurudishwa kwa upande uliotoa kadi. Kwa Tanzania ofisi ya taifa ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Aliyeumizwa hahitaji kufunga safari kwenda Arusha kutafuta kampuni.

Ila kadi ni mkono mrefu wa bima ya nyumbani, si bima mpya. Bima ya nyumbani ikiwa imeisha muda, kadi haina mguu wa kusimamia. Nchi iliyokatwa mstari kwenye kadi haimo. Na masharti kati ya mwenye gari na kampuni yake, likiwemo la dereva, yanasafiri pamoja na kadi.

Tofauti za sheria nazo zina bei yake. Gari hilo hilo lingefanya ajali hiyo Uganda, lingeangukia kwenye sheria ya mwaka 1989, ambayo kikomo chake cha bima ya lazima ni shilingi milioni 1 ya Uganda kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa tukio zima. Kiasi hicho hakimalizi gharama za mguu uliovunjika vibaya, na kinachobaki aliyeumizwa ana haki ya kukidai kwa mwenye gari. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au kuingia Burundi na Kongo, mfumo wa sheria wenyewe unabadilika na kuwa wa asili ya Kibelgiji. Busara ya barabarani ni kuuliza kikomo cha nchi unayokwenda siku unapokata kadi.

Leseni ya kujifunzia, kwa upande wake, haina Kadi ya Njano yake. Ni ruhusa ya kujifunza katika nchi iliyoitoa. Mwenye gari asiichukulie kuwa inavuka mpaka pamoja na gari.

Saa za kwanza baada ya ajali

Mambo mengi huharibika katika saa chache za mwanzo, na kosa baya kuliko yote ni kubadilishana viti. Dereva mwenye leseni anahamia kwenye usukani kabla polisi hawajafika, ili ionekane alikuwa yeye. Mashahidi wapo, mwendeshaji wa bodaboda amewaona, na maelezo ya waliokuwa ndani ya gari hayatalingana. Dai ambalo lingeweza kutetewa kwa sehemu linageuka kuwa udanganyifu, na kampuni inapata sababu safi ya kukataa.

Kinachotakiwa ni kuwahudumia majeruhi na kuita polisi. Hati ya polisi ya ajali ichukuliwe. Kwa majeruhi, Kenya ina fomu ya P3 na Tanzania ina PF3. Namba ya Kadi ya Njano ipewe polisi na upande wa pili, na taarifa ya maandishi iende kwa kampuni ya nyumbani na ofisi ya taifa ya nchi ya ajali bila kungoja wiki ipite. Kukubali kosa kwa maandishi, au kuahidi malipo papo hapo bila kampuni kujua, ni kuvunja sharti lililomo katika mikataba mingi.

Aliyeumizwa naye ana saa yake inayohesabu. Kenya na Tanzania, muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka 3. Makubaliano ya vijijini na ahadi za simu hazisimamishi saa hiyo.

Kabla ya kupakia

Kwa mwenye gari, kazi ni ya siku moja. Asome kipengele cha dereva, na kama hakielewi amwombe wakala amwandikie jibu la swali moja: utingo wangu mwenye leseni ya kujifunzia akiendesha, mnalipa au hamlipi? Jibu la mdomo halina kazi mahakamani. Amwambie dereva, kwa maandishi yaliyotiwa saini, kwamba usukani haukabidhiwi kwa mtu mwingine. Aangalie tarehe ya bima, tarehe ya kadi, na nchi zilizomo.

Kwa mwenye mzigo anayekodi nafasi, swali ni fupi zaidi: akipanda juu ya magunia, yeye ni nani mbele ya bima ya gari hili? Nauli ya basi kutoka Arusha hadi Nairobi ni ndogo ukiilinganisha na mkono uliovunjika usio na wa kuulipia.

Na kwa kijana anayetaka kuwa dereva, shule ya udereva yenye gari lenye alama ya L na bima inayomtambua mwanafunzi bado ndiyo njia ya bei nafuu. Foleni ya mpakani haidai ada, lakini mita zile kumi za kusogeza gari zina mwenye kuzilipia, naye mara nyingi ni mama mdogo au mama mkubwa aliyemsaidia kupata kazi.